Kuzuru Mbita kwa Mwezi na Upepo: Mwongozo Kamili wa Mji wa Ziwani, Kazi Zake za Mikono na Chakula Chake

Wageni wengi hufika Mbita Jumamosi adhuhuri, hula samaki wa kukaanga katika hoteli ya kwanza waionayo karibu na kivuko, hupiga picha darajani, kisha hurejea Homa Bay au Kisumu kabla ya magharibi wakisema kwamba mji ni mdogo na hauna mengi. Nami nilikuwa mmoja wao. Safari yangu ya kwanza kutoka Nakuru niliipanga kwa kalenda ya kazini, nikafika mwezi ukiwa mpevu, na kila mwanamke niliyemuuliza omena wabichi akanijibu kwamba nirudi wiki ijayo. Chungu nilichokinunua njiani kilifika nyumbani kikiwa vigae vinne. Nimerudi mara kadhaa tangu siku hiyo, na yaliyomo humu ndiyo ambayo ningependa kuambiwa kabla ya kukata tiketi ya kwanza.

Mbita iko katika kaunti ya Homa Bay, kwenye ncha ya nchi kavu inayotazamana na kisiwa cha Rusinga, mahali ambapo Ghuba ya Winam inafunguka na kuingia ziwa lenyewe. Mji una barabara kuu moja, soko, kivuko cha feri, fuo za kushushia samaki na daraja la kwenda Rusinga. Ukipangilia siku mbili kamili na usiku mmoja au miwili, utauona vizuri. Lakini uzipangilie kwa mwezi, upepo na siku ya soko, kwa sababu hivyo ndivyo wenyeji wanavyozipangilia zao.

Hatua ya kwanza: Angalia mwezi kabla ya kuangalia nauli

Omena, ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huelea gizani na kuziwasha taa juu ya maji, zamani zikiwa karabai na siku hizi nyingi zikiwa za betri au sola, na samaki hao wadogo huukusanyikia mwangaza hadi nyavu ziwazungushie. Mbalamwezi ikiwa angavu, mwangaza huwa umetapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi haina tena mvuto, kwa hiyo mashua za omena hupumzika kwa takriban wiki moja. Kwa yeyote anayefuata mwezi mwandamo hesabu ni nyepesi: ziepuke siku za kuanzia tarehe 11 hadi 19 hivi, na ulenge siku za mwisho wa mwezi unaozeeka au za mwanzo wa mwezi mchanga, giza linapokuwa zito. Asiyefuata hesabu hiyo atazame mbinguni nyumbani kwake wiki mbili kabla ya safari. Mwezi mpevu akiuona hapo, atakuwa amepata siku zake.

Kuna majira ya pili ya kuzingatia. Serikali ya Kenya hufunga uvuvi wa omena kwa miezi kadhaa kila mwaka, kwa kawaida kati ya Aprili na Julai, ili samaki wazaliane. Mvua za masika nazo hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na mvua ni adui wa omena wanaoanikwa na wa vyungu vinavyokaushwa kabla ya kuchomwa. Ukiyajumlisha hayo utabaki na Agosti, Septemba, Januari na Februari, na kama ningelazimika kuchagua mwezi mmoja tu ningechagua Septemba.

Hata hivyo, mwezi mpevu hauna hasara tupu. Siku hizo wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu, na mashua zilizovutwa hadi mchangani hufanyiwa marekebisho mchana kutwa, jambo ambalo wakati mwingine utalikuta kwa bahati tu. Mpenda kazi za mikono, basi, ana sababu ya kuja katika wiki ile ile ambayo mpenda chakula anaikwepa.

Siku ya soko ni rahisi kuijua. Piga simu katika nyumba ya wageni unakokusudia kulala, uulize siku ya soko kubwa ya juma, nawe ufike jioni ya kuamkia siku hiyo.

Hatua ya pili: Chagua njia

Ziko njia mbili kutoka Kisumu. Ya kwanza ni ya nchi kavu tupu: unapita Ahero na Katito, unashuka hadi Kendu Bay, unafika Homa Bay, kisha unakwenda kilomita zipatazo 40 zaidi hadi Mbita. Ya pili hupitia Kisian, Kombewa na Ndori hadi Luanda Kotieno upande wa Siaya, ambako feri inayobeba magari na abiria hukuvusha ghuba hadi Mbita. Kwa atokaye Nakuru kupitia Kericho, hakuna haja ya kuingia Kisumu. Teremka Ahero na uchukue matatu ya kuelekea Kendu Bay au Homa Bay, nawe utakuwa umeokoa saa nzima na msongamano wa stendi.

Ushauri wangu ni kwamba uende kwa njia moja na urudi kwa nyingine. Nenda kwa barabara, kwa kuwa unaweza kusimama Kendu Bay, mji mkongwe wenye gati, maduka ya zamani ya Wahindi na Msikiti wa Tawakal, ambako Kiswahili kimezungumzwa vizazi kadhaa katika familia za Kiislamu na mgeni wa pwani atajisikia yuko kwa shangazi yake. Karibu na hapo liko ziwa dogo la kreta liitwalo Simbi Nyaima. Masimulizi ya Waluo yanasema kwamba palikuwa na kijiji mahali pale, kikazama usiku mmoja baada ya wanakijiji kumnyima bikizee mahali pa kulala. Ni kisa kizuri kukisikia kabla ya kuingia nchi ya watu kama mgeni. Rudi kwa feri, na uhakikishe saa za kuondoka siku moja kabla, kivukoni penyewe, wala usitegemee uliyoyasoma mahali popote, hapa pakiwemo.

Hatua ya tatu: Fungasha kwa ajili ya kurudi

Nguo hazina shida. Ziwani kuna joto, na sweta moja inatosha kwa alfajiri. Kinachosahauliwa ni vifungio vya kubebea vitu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo beba vikapu viwili imara, leso mbili kuukuu za kufungia vyungu, magazeti, na gunia safi la omena. Ongeza noti ndogondogo na sarafu, kwa kuwa ingawa M-Pesa inapokewa karibu kila mahali, mama anayeuza fungu la mboga alfajiri hana muda wa kusubiri mtandao. Beba tochi, mafuta ya kufukuza mbu na viatu usivyovionea uchungu.

Hatua ya nne: Salimu kwanza

Kila ufuo wa kushushia samaki una kamati yake ya wenyeji, inayojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, BMU (Beach Management Unit), yenye mwenyekiti, karani na mara nyingi kibanda kidogo cha kupimia samaki. Mgeni anayetaka kutembea ufukoni, kuuliza maswali na hasa kupiga picha huanzia hapo. Jitambulishe, eleza ulikotoka na unachotaka kuona, na uulize kama kuna ada. Ukishapokewa na karani huyo, hakuna atakayekuuliza tena uliingiaje. Ukimruka, kila mtu atakuuliza.

Kiswahili kinatosha kabisa Mbita, lakini salamu ya Kijaluo hubadilisha bei ya vitu, na sisemi hivyo kwa mzaha. Asubuhi sema "Oyawore", jioni "Oimore", nawe ukiulizwa hali ujibu "Ber". Shukrani ni "Erokamano". Mzee mwanamume ni "jaduong'", bikizee ni "dani", na mwanamke yeyote wa makamo ni "mama", kama ilivyo kote nchini. Wanawake wengi sokoni huitwa kwa walikozaliwa, kwa mfano Nyar Gem au Nyar Alego, yaani binti wa Gem au wa Alego. Msubiri ajitaje hivyo mwenyewe au umsikie akiitwa na mwenzake, kisha umwite vivyo hivyo. Wakati wa kuagana, "Oriti".

Hatua ya tano: Uwe ufukoni kabla ya jua

Mashua za usiku huanza kurejea kabla ya mapambazuko, na shughuli hupamba moto kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Baada ya hapo utakuta magamba na mizani iliyopinduliwa. Utawaona samaki wa aina tatu kuu. Omena hushushwa kwa ndoo na makarai wakiwa wanang'aa kama misumari mipya. Mbuta, samaki mkubwa aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950, hupimwa kwa mizani na mara nyingi hupelekwa moja kwa moja kwenye magari yenye barafu ya mawakala wa viwanda. Ngege, yaani tilapia, ndiye samaki wa mezani, na ndiye utakayemshindania bei.

Unapomchagua ngege, mwinue kwa mkono. Jicho liwe angavu na limetuna, matamvua yawe mekundu mfano wa ndani ya komamanga, na nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi mahali pake mara moja. Uliza kama ni wa ziwani au wa vizimba, kwa kuwa ufugaji wa vizimbani umeenea sana katika ghuba hii na wote huuzwa pamoja. Fungu ambalo samaki wake wote wanalingana kama matofali huwa limetoka kizimbani. Ziwa halizai kwa kipimo kimoja. Wa kizimbani si mbaya, ila usilipe bei ya ziwani kwa samaki wa kizimba. Usinunue mbuta wa chini ya sentimita 50, hata ukihimizwa vipi, kwa sababu sheria hairuhusu kumvua na kwa sababu huyo ndiye angekuwa mzazi wa mwakani.

Omena ndio hasa ninaotaka kuwazungumzia kwa utulivu, maana ndio mzigo unaostahimili safari. Wabichi huliwa papo hapo. Waliokauka ndio wa kubeba. Huanikwa juani kwa namna mbili: kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, au kwenye vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Wa vichanjani ni ghali kidogo, na tofauti hiyo inalipwa na meno. Nilifundishwa kuwapima na mwanamke mmoja mtu mzima aliyeniona nikinunua kwa macho tu. Alichota omena wa jirani yake kwa kiganja, akawaachilia juu ya gazeti langu kutoka urefu wa kiwiko, akawaondoa taratibu, kisha akanionyesha mabaki yao: ukungu mwembamba wa mchanga juu ya picha ya mwanasiasa. "Mwanangu," akasema, "hapa unalipa kwa pesa, nyumbani utalipa kwa meno." Halafu akachota wake, akafanya vivyo hivyo, gazeti likabaki safi, nami nikanunua gorogoro mbili bila kubishana.

Mbali na mchanga, tazama rangi na unyevu. Omena mzuri ana rangi ya fedha hadi mkiani. Anayegeuka manjano au kahawia alinyeshewa au alichelewa kuanikwa. Mvunje mmoja katikati: akikatika kwa mlio mdogo amekauka, akipinda atavunda ndani ya gunia kabla hujafika Kericho. Bei hutajwa kwa gorogoro, lile kopo la takriban kilo mbili linalotumika kupimia nafaka, kwa hiyo lichungulie ndani kabla ya kupimiwa, maana kopo lililobonyezwa kitako kuelekea ndani hula sehemu ya haki yako kabla muuzaji hajaanza kujaza.

Hatua ya sita: Kula kwa mpango

Kosa la kawaida ni kuingia hotelini na kuagiza kilichopo. Afadhali ununue samaki wako asubuhi, umpeleke katika kibanda cha mama mpishi karibu na ufuo, mkubaliane malipo ya kupika, na umwambie saa utakayorudi. Mwambie unataka wa mchuzi au wa kukaanga mkavu. Wa mchuzi ndiye anayeonyesha ubora wa ngege mbichi, kwa kuwa mafuta mengi huficha aibu ya samaki wa jana. Ruhusu dakika 40 hivi, na usisimame mlangoni ukitazama saa.

Omba ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, ule wa rangi ya udongo, badala ya ugali mweupe wa mahindi ambao unao nyumbani. Ni mzito, una uchachu wa mbali, na kwa mchuzi wa ngege hauna mfano. Huchelewa kuiva, kwa hiyo uagizwe mapema. Mboga nazo zina utaratibu wake. Osuga ndiyo mnavu au managu; akeyo ndiyo sagaa; apoth ndiyo mlenda. Mpishi wa Kijaluo anayejua kazi huzichemsha mboga chungu, humwaga maji ya kwanza, huongeza maziwa, na huzirudisha motoni mara kadhaa, pengine kwa siku mbili au tatu, hadi uchungu unapogeuka utamu mzito. Mboga za aina hiyo hazipatikani kwa kuagiza ghafla. Ulizia leo zile zilizopikwa tangu juzi.

Ukiona obambla, mnunue. Ni ngege aliyepasuliwa na kukaushwa juani, kisha akachemshwa na kupikwa kwa mchuzi, na ladha yake ni kali kuliko ya samaki mbichi. Wengine huishindwa mara ya kwanza na kuitamani mara ya pili. Aliya, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, ni ya jamii hiyo hiyo. Asubuhi inatosha nyuka, yaani uji, au viazi vitamu kwa chai, na mchana usio na samaki kuna nyoyo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe ambao wasomaji wa Nakuru wataujua kwa jina la githeri.

Watu hunawa na kula kwa mkono. Mwenye kuogopa miiba aombe mbuta.

Hatua ya saba: Nunua kazi za mikono kwa masikio na pua

Mbita haina mtaa wa maduka ya vinyago, na anayetafuta hilo atasikitika. Kazi za mikono hapa ni vyombo vya watu: huuzwa sokoni kati ya nyanya na viatu, kwa wenyeji wanaokwenda kuvitumia, na ndiyo maana bei zake ni za haki na ubora wake unapimika.

Anza na vyungu. Ufinyanzi wa Waluo ni kazi ya wanawake, na mara nyingi mwanamke huujifunza akiwa ameolewa, kutoka kwa mama mkwe wake na wake wa boma, ndiyo sababu vyungu vya vijiji viwili jirani vinaweza kutofautiana shingo na mapambo kana kwamba vimetoka mbali. Udongo huchanganywa na vigae vilivyotwangwa ili usipasuke motoni. Hujengwa kwa mkono bila gurudumu, hupambwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo ungali mbichi, kisha huchomwa uwanjani kwa nyasi na kuni. Kipapase chungu begani utahisi alama za ile kamba, na ukitazama vizuri utaona mahali fundi alipoishia na kuanza tena.

Uliza kila chungu ni cha nini. Dapi ni mtungi wa maji, mkubwa na wenye shingo. Vyungu vya kupikia vina mdomo mpana na ukuta mnene. Mtungi wa maji ukitumika kupikia hupasuka, na chungu cha kupikia hakipoozi maji vizuri. Kisha kisikilize. Kiinue kwa kiganja kimoja kutoka chini, kigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole: chungu kizima hulia kwa sauti ndefu, na chenye ufa hujibu kwa sauti iliyokufa. Gonga sehemu tatu, si moja. Madoa meusi yaliyoachwa na moshi si kasoro. Ni saini ya moto. Kilichopakwa rangi ya mafuta au vanishi kiache, hasa kama ni mtungi, kwa sababu maji hupoa kwa kuchuja kidogokidogo kupitia ukuta wake na kukauka kwa nje, na rangi huziba njia hiyo.

Kisha mikeka na vikapu. Mafunjo ya vinamasi vya ziwa, ambayo Waluo huyaita togo, husukwa mikeka, na kuna vikapu vya adita vya kubebea na nyungo za odheru za kupepetea nafaka. Kinuse chombo: mafunjo yaliyokauka sawasawa yananukia nyasi kavu, na harufu ya uvundo inamaanisha kwamba yalisukwa yangali mabichi na yatalegea. Kitikise juu ya leso nyeupe. Unga mwembamba ukidondoka, wadudu wamekwisha kuhamia. Upande wa Kisumu utakuta pia viti na vikapu vya gugumaji, magugu yaliyovamia ziwa hili mwishoni mwa karne iliyopita, na ninavipenda kwa sababu ya ukaidi wa wazo lenyewe.

Mashua huinunui, lakini karakana ya mashua ndiyo kazi bora ya mikono utakayoiona Mbita. Fundi hulaza mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, husimamisha mataruma, yaani mbavu zake, hupigilia mbao moja juu ya nyingine, kisha hutia kalafati ya pamba katika kila mwanya kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Maneno hayo niliyoyatumia ni ya pwani. Fundi wa Mbita ana yake, ila babu yangu wa Lamu, lau angekuwepo, angeielewa kazi yote bila mkalimani. Keti kivulini, msalimu, usimguse chombo chochote, na umletee soda. Ukiwa na subira ataanza kueleza mwenyewe.

La mwisho ni nyatiti, kinanda cha nyuzi nane ambacho mpigaji hukipiga ameketi kwenye kigoda, njuga zikiwa mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao kushika mapigo. Nyuzi za siku hizi ni za nailoni, zile zile za uvuvi. Vinyatiti vidogo vya kutundika ukutani haviimbi, na kwa maoni yangu havistahili nauli ya kubebwa. Cha kweli huagizwa kwa fundi na husubiriwa. Ukinunua orutu, zeze la uzi mmoja, uliza ngozi yake ni ya nini. Nyingine huwambwa kwa ngozi ya kenge, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu biashara ya namna hiyo bila kibali, kwa hiyo chagua ya mbuzi.

Hatua ya nane: Vuka maji asubuhi

Rusinga inafikika kwa bodaboda kupitia daraja, ambalo limechukua mahali pa tuta la miaka ya 1980 lililoziba maji ya mlango ule kwa miaka mingi. Huko liko kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na ndiko Mary Leakey alikopata fuvu la Proconsul mwaka 1948. Saa tatu zinatosha. Kisiwa cha Mfangano kinataka siku nzima na mashua. Huko kuna michoro ya kale ya miambani ya Kwitone na Mawanga, jumba la makumbusho la jamii ya Abasuba, na Kisuba chenyewe ambacho Mbita kimemezwa karibu chote na Kijaluo.

Hapa ndipo upepo unapochukua usukani. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Mchana upepo huanza kuvuma kutoka majini na mawimbi huinuka kwa ghafla, na dhoruba za jioni zimeua watu wengi. Vuka kabla ya saa tatu, na kama huwezi kurudi kabla ya saa nane mchana, lala huko. Usipande mashua isiyo na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, hata nahodha akikucheka. Usioge wala kutembea kwenye maji ya kina kifupi yenye matete, kwa maana konokono wa hapo hubeba kichocho, na viboko na mamba nao hawajahama. Malaria ni ya mwaka mzima. Lala ndani ya chandarua na kunywa maji yaliyochemshwa.

Hatua ya tisa: Kurudi na mzigo mzima

Chungu kijazwe leso kwa ndani, kifungwe magazeti kwa nje, kitiwe katika kikapu, na kikapu kikae mapajani mwako. Utingo atakuomba akiweke juu ya gari au chini ya kiti, kwa adabu kabisa, na hapo ndipo vyungu hufa. Mlipie kiti chake ikibidi. Ngege wa kukaangwa mkavu hadi akakamae atastahimili safari ya siku moja akifungwa kwenye gazeti, si ndani ya chombo kilichofunikwa akingali na joto. Omena wafungwe gunia mbili, kwa heshima ya abiria wenzako.

Ukifika nyumbani, usikitie chungu motoni siku hiyo hiyo. Kijaze maji kilale usiku mzima, uyamwage, kisha upike ndani yake uji mwepesi kwa moto mdogo na kuuacha upoe humo humo, ili wanga uzibe vitundu vya udongo. Rudia mara mbili. Kuanzia hapo moto uongezwe taratibu kila unapopika, na maji baridi yasimiminwe ndani ya chungu cha moto hata mara moja. Omena wa kwanza wachambue vichwa ukipenda, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu, waweke kwenye sufuria kavu hadi maji yakauke, ongeza mafuta, kitunguu na nyanya, na mwishoni maziwa ya mtindi kikombe kimoja, kisha uwaepue kabla maziwa hayajakatika.